Halafu Ikalia Kengele

Mbele ya nyumba yangu pana benchi moja refu, mguu wake mmoja ni tofali, na limechoka kuliko mimi. Barabara iko mbele yake. Ng'ambo ya barabara ni mlango wa binti yangu mkubwa, na ukigeuza shingo kidogo unauona ukuta wa shule. Mimi nachemsha kahawa, wao wanakunywa na kusema. Shule sikwenda, lakini ugomvi wote wa ukoo wetu ninao kichwani, tangu nani alimnyima nani shuka mpaka nani hakutokea kwenye mazishi ya nani, na wa kijiweni nao ugomvi wao huniachia hapa kama wanavyoniachia vikombe. Asubuhi hiyo walikuwapo watatu wa kila siku. Redio ndiye kinyozi, hazimwi. Mihuri ni karani mstaafu, maisha yake yote aligonga mihuri, na mpaka leo akimaliza kusema lazima apige goti lake kwa kiganja, pwa! Wa tatu Pancha, anaziba matairi hapo pembeni na mikono yake haijawahi kuwa na rangi nyingine ila nyeusi. Sote tulikuwa tunasubiri kengele ya shule.

Kengele yenyewe ni ringi ya lori, chuma cha gurudumu. Pancha ndiye aliyeitoa. Imening'inizwa nje ya darasa la juu, inagongwa kwa chuma, na mtaa mzima unakwenda kwa sauti yake. Ikilia ya mapumziko, Redio anajua wateja wa asubuhi wameisha, Mihuri anameza vidonge vyake vya presha, Pancha anafungua chakula chake, na mimi natia birika la pili. Zamani alikuwa akigonga mlinzi, akiamka. Akilala, mtaa mzima unakaa na njaa. Akaja mwalimu mkuu huyu wa sasa akasema, hapana, kengele iwe heshima. Mtoto atakayekuwa wa kwanza katika darasa la juu atavalishwa utepe mwekundu mbele ya shule nzima, atapigiwa makofi, na muhula wote yeye ndiye atakayegonga. Wakamwekea na saa ya mezani juu ya dawati lake, karibu na mlango. Hapo tena kengele haikukosea. Ila watoto ndio walioanza kuanguka.

Redio: Wa kwanza alikuwa mtoto wa muuza mikate. Akavishwa utepe, muhula ukiisha, chali. Wa pili mtoto wa mkunga. Chali. Wa tatu Kipepeo wetu hapa. Sasa sisi watu wazima tukae kimya?

Mihuri: Wewe umekaa kimya lini?

Kipepeo ni mjukuu wangu, mtoto wa huyu mkubwa wa ng'ambo. Alikuwa wa kwanza mpaka watu wakachoka kumpongeza. Alipopewa kengele, muhula ule ule akashuka mpaka huko chini ambako mwalimu akiyafikia majina, wazazi wameshaanza kutafuta viatu vyao. Na sasa wa kwanza ametokea mjukuu wangu mwingine, Sindano, mtoto wa kitindamimba wangu. Asubuhi hiyo hiyo kwenye mstari ndiyo alikuwa amevalishwa utepe. Kengele tuliyokuwa tunaisubiri ndiyo yake ya kwanza.

Ugeuze utakavyo moyo wangu hapo. Maana Kipepeo alipoanguka, mama yake alisema mdogo wake, huyo kitindamimba wangu, ndiye aliyemwangusha. Mdogo akajibu, wa kwako kaangushwa na maringo. Yule mkubwa, sahani mkononi, ndani ya nyumba yangu, akasema: "Na wako ataipata hiyo kengele, na ataanguka, na mimi nitakuwa mlangoni pangu natazama." Akaweka sahani chini, akatoka. Tangu hapo hawasalimiani. Watoto niliowazaa wamebaki wawili tu, na mmoja akija kunisalimia, mwingine anatokea mlango wa nyuma. Sindano naye akianguka, basi lile neno limetimia, na neno likishatimia huliondoi kwa ufagio.

Na kweli mkubwa alikuwa mlangoni pake. Anafagia. Alikuwa akifagia pale pale tangu nilipowasha moto.

Redio: Mimi nasema ni jicho. Unamsimamisha mtoto mbele ya shule nzima, unambandika kitu chekundu kifuani, unawaambia watu pigeni makofi. Yale si makofi, Bibi. Mikono miwili inapiga, macho mawili yanakula.

Mimi: Kipepeo alipovalishwa nilikuwapo. Nilipiga makofi mpaka bangili ikakatika. Mimi pia nilimla?

Redio: Wewe macho yako yamechoka, hayamdhuru mtu.

Mihuri: Jicho, jicho! Nyinyi mnasema kama watu ambao hawajafanya kazi ofisini. Hiki ni cheo. Nimeona kwa macho yangu. Mtu anachapa kazi, anapeleka mafaili mbio, wanasema huyu anafaa, wanampa chumba chake na mlango. Kesho yake anaanza kutembea polepole. Keshokutwa anaufunga mlango. Mwisho hata salamu anakutaka uiandike.

Pancha: Ndiyo maana wewe hukupewa?

Mihuri: Nilikataa.

Pancha: Ulikataa au hawakukupa?

Mihuri: Kutopewa nako ni namna ya kukataa. Sikiliza. Huyu mtoto akigonga chuma, mwalimu anakatiza neno lake. Mwalimu mkuu mwenyewe ananyamaza. Mkuu! Mtoto aliyeshika amri ya namna hiyo atainamia hesabu tena? Wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala. Pwa!

Pancha: Sasa hapo paka kaenda wapi?

Mihuri: Hilo la paka litafute mwenyewe, mimi nimekupa methali.

Nikawamiminia. Kahawa ya asubuhi hiyo ilikuwa nyepesi, nakiri, unga ulikuwa umebaki wa kukung'uta, lakini hakuna aliyesema. Walikuwa wanaisubiri ya pili.

Pancha: Mimi niwaambie kitu cha kazi yangu. Ringi ukiigonga, mkono unatetemeka. Mkono unalipa bega, bega linalipa sikio. Kichwani hesabu zimepangwa kama skurubu ndani ya kopo, kubwa juu, ndogo chini. Tikisa kopo kila siku uone.

Redio: Zinamwagika?

Pancha: Hazimwagiki, zinashuka. Zinateremka shingoni, tumboni, miguuni.

Redio: Hesabu ziko miguuni!

Pancha: Cheka. Muhula ule alioanguka Kipepeo, mbio za shule alishinda nani?

Alishinda Kipepeo.

Mihuri akakuna kidevu. Unaona mtu anataka kucheka lakini neno limemkaa.

Redio: Sasa kama ni ringi, tuseme ukweli wote. Ringi ile ilitoka kwenye lori gani, Pancha?

Pancha: Lori la kawaida.

Redio: La kawaida lililokuwa limelala chali, magurudumu juu.

Pancha: Kwani lori likianguka ringi inakuwa mchawi? Dereva alitoka mzima! Alikuja hapa hapa akanywa kahawa, muulize Bibi!

Mimi: Alikunywa vikombe viwili na mkono ulikuwa unamtetemeka.

Redio: Mnaona! Dereva alitoka, lakini kuanguka kwenyewe kulibaki wapi? Kulibaki ndani ya chuma. Kila atakayeigonga ataanguka. Debe tupu haliachi kuvuma.

Pancha: Ringi yangu si debe! Niliitoa kwa moyo mweupe, nikaibeba begani mpaka shuleni, hata asante niliambiwa nitaletewa. Mpaka leo haijaletwa. Sasa nimekuwa mwuaji wa watoto!

Alitaka kuinuka. Benchi likalia upande wa tofali. Hapo ndipo akaja kitindamimba wangu, gauni la sherehe, saa ile ya asubuhi, nywele zimesukwa upya, anatembea kama barabara imetandikwa kwa ajili yake.

Kitinda: Shikamoo mama. Shikamooni wazee.

Wote: Marahaba, marahaba.

Kitinda: Nimekuja kuisikiliza hapa. Kwangu inakuja na upepo, huijui mwanzo wala mwisho. Mama, leo jioni tunachinja kuku. Wazee wote mmealikwa. Majirani nimeshapita.

Redio: Kuku wa kengele! Hongera sana, mama Sindano. Tulikuwa tunamwombea dua hapa.

Mimi nikamtazama Redio. Akatazama kikombe.

Kitinda akakaa karibu yangu, akashusha sauti, lakini sauti yake tangu utotoni haijui kushuka.

Kitinda: Mama, mwambie na dada aje. Mimi nimesamehe.

Ng'ambo ufagio ukaongeza mwendo. Vumbi likapanda mpaka magotini.

Mimi: Kamwambie mwenyewe. Barabara ni hiyo, hata gari halipiti.

Kitinda: Si yeye ndiye aliyesema maneno?

Mimi: Ndiye. Na wewe ulijibu. Yote ninayo hapa, ya kwake na ya kwako, yamelala pamoja, hayagombani. Nyinyi mnaotembea ndio mnagombana.

Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, ile ya alipokuwa mdogo akiogopa kwenda chooni peke yake.

Kitinda: Mama, hataanguka, eti? Wa kwangu? Hakulala, usiku kucha anauliza habari za utepe. Akianguka nitamtazama dada kwa uso gani?

Nilitaka kumjibu. Mihuri akaniwahi, maana mwanamume akiona mwanamke anauliza anadhani kaulizwa yeye.

Mihuri: Binti yangu, usiogope. Kengele ni kazi ya heshima, inataka uangalifu tu. Yule Kipepeo alikuwa mzuri, lakini kuna siku alichelewa. Mnaikumbuka? Vidonge vyangu vikapita saa yake, kichwa kikaanza kugonga chenyewe. Nikachukua fimbo yangu, mguu kwa mguu, mpaka kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia, mkuu, huku nje kuna watu. Kesho yake wakamsema mtoto mbele ya mstari, na tangu hapo hakuchelewa tena hata kupepesa. Samaki mkunje angali mbichi. Pwa!

Pancha: Hata mimi siku ile nilikula chakula kimepoa.

Redio: Na mnakumbuka alisema nini alipoulizwa kwa nini amechelewa? Alisema, "Mwalimu alikuwa anaeleza kitu, nikasahau saa." Kasahau! Mtoto wa kwanza, saa iko mezani mbele ya pua, anasahau? Mimi hapo hapo nikajua, huyu kaingiliwa.

Kitinda: Kaingiliwa na nini?

Redio: Bibi, waambie zile hadithi zake.

Basi nikawaambia, maana ilikuwa kichekesho cha nyumbani. Kipepeo akitoka shule hupitia kwangu, anakunywa chai, namwambia nipe cha leo, mimi bibi yako sikusoma, nisomee kwa mdomo. Zamani alikuwa ananipa mpaka usingizi unanishika. Mito inatoka wapi na inaishia wapi, damu inazungukaje mwilini, sungura alimtorokaje simba. Muhula ule wa kengele akaanza kunikatia. "Bibi, simba akamshika sungura mkia, sungura akamwambia, mzee, hicho ulichoshika ni..." Ni nini? "Halafu ikalia kengele, bibi." Kesho yake damu. Damu inatoka moyoni, inapita kwenye mshipa mkubwa, inafika... Inafika wapi? "Halafu ikalia kengele." Na hata akinisimulia, jicho liko ukutani kwenye saa yangu, ambayo ilikufa zamani na haiendi. Mkononi kijiko amekishika kama chuma.

Pancha akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Redio: Mnacheka? Mimi sicheki. Hilo ni jini.

Mihuri: Tumefika.

Redio: Kuna majini ya kila namna. Kuna linalokula damu, kuna linalokula usingizi. Hili linakula miisho. Linamwachia mtu mwanzo, linakula mwisho. Mtoto anaingia kwenye mtihani ana mianzo mitupu. Mwanzo wa hesabu anao, mwanzo wa jiografia anao, jibu liko mwishoni na mwisho umeliwa. Ataandika nini?

Pancha: Sasa jini hilo linakaa wapi?

Redio: Ndani ya ringi yako, wapi kwingine?

Pancha: Nitaitoa! Leo leo naenda kuitoa, nawafungia chungu cha maua mahali pake!

Mihuri: Ukiitoa mimi nameza dawa saa ngapi?

Redio: Dawa ipo. Sindano agonge kwa mkono wa kushoto, pamba masikioni, sketi ameivaa ndani nje. Na kabla ya kugonga, ataje jina la mtu mwingine, lile jini limfuate huyo.

Kitinda: Ataje la nani?

Kila mtu alitazama ng'ambo, na huko ng'ambo mkubwa alisimama akashika ufagio kwa mikono miwili.

Mkubwa: Mtajeni wa kwangu! Si ndiye ameshaanguka? Aliyelala chini haogopi kuanguka!

Kitinda: Hakuna aliyemtaja mtu, dada!

Mkubwa: Umeniita dada leo? Ni gauni hilo linakupa nguvu?

Nikasema basi. Nikasema mara moja tu, kwa sauti ya kuzima moto, na wote wawili wakanyamaza, maana sauti hiyo walizaliwa nayo. Lakini nilichoka, Mungu anajua. Nilichoka kama mtu aliyefua nguo zile zile kila siku na kila siku anaziona zina doa lile lile.

Wakati huo alikuwa amefika mwanamke mmoja na toroli la mboga. Mgeni, hatukuwa tunamjua. Mtoto mgongoni, kichanga bado, na gurudumu la toroli limelala. Pancha akaliinamia bila maneno, anaona bora tairi kuliko sisi. Mgeni akakaa pembeni kabisa ya benchi, upande wa tofali.

Mimi: Karibu kahawa, mwanangu. Umehamia?

Mgeni: Nimehamia juzi, mama. Nyumba ya nyuma ya kisima. Asante, kahawa nitakunywa.

Redio: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuko kwenye shida hapa. Watoto wetu wa kwanza wanaliwa.

Mgeni: Na nani?

Basi akasimuliwa, na Redio akisimulia hakuachi na swali dogo. Alisimuliwa utepe, makofi, saa juu ya dawati, ringi, lori, skurubu ndani ya kopo, jini la miisho, kuku wa jioni. Yeye anatikisa mtoto mgongoni, anakunywa, anaitikia "ee", "ee". Alipomaliza Redio, mgeni akaweka kikombe chini. Wala hakuwa na ujanja usoni. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anavyouliza njia.

Mgeni: Sasa samahani, wazee wangu. Huyo mtoto aliyewekewa saa, darasani anamsikiliza mwalimu au anaitazama saa?

Redio alifungua mdomo. Nikamwona kaufungua, nikasubiri, ukafungwa. Ndiyo mara ya kwanza namwona Redio amezimwa na mtu hakugusa kitufe. Mihuri kiganja chake kilikuwa juu tayari, kikabaki juu, hakikushuka gotini. Pancha alikuwa amebana mpira wa tairi kwa magoti, upepo unatoka taratibu, fiii, na yeye hauzibi.

Ng'ambo ufagio ulikuwa umenyamaza.

Kitinda: Mama, ana maana gani huyu?

Mimi: Umesikia alichouliza.

Kitinda: Basi nikamwambie Sindano akatae? Leo? Kavishwa utepe asubuhi, nimvue jioni? Ataniuliza, mama, nimekosa nini? Na kuku je, watu nimeshawaita!

Redio: Apewe mtoto wa mwisho. Aliye wa mwisho agonge, yeye hana pa kuanguka.

Mihuri: Na huyo wa mwisho atapanda lini, kama miisho yote anaitumia mlangoni?

Redio: Basi mwalimu mwenyewe agonge.

Mihuri: Mwalimu akitazama saa, nani anafundisha?

Redio: Basi mlinzi.

Hapo sote tukamkumbuka mlinzi. Zile siku za njaa. Pancha akakitazama chakula chake. Mihuri akagusa mfuko wa shati wenye vidonge.

Mihuri: Mlinzi... mlinzi hapana. Tusirudi nyuma.

Mimi: Basi mzee, wewe njia unaijua. Nenda kwa mwalimu mkuu na fimbo yako kama siku ile. Kamwambie, mkuu, huku ndani kuna watu.

Mihuri akaunyoosha mguu wake mbele, akautazama kama si wake.

Mihuri: Leo umenikaza tangu alfajiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hakupiga goti.

Tukakaa. Jua lilikuwa limefika kwenye lile bati lililoinuka la banda la Redio, na likifika hapo kengele iko karibu. Kila mtu anajua. Kila siku tukifika hapo mtu huanza kukohoa, kupanga kikombe chake, kutafuta vidonge. Siku hiyo hakuna aliyejigusa. Nikaliona dawati lile bila kuliona. Sindano wangu kakaa, utepe kifuani, shingo nyembamba ile, mwalimu ubaoni anasema kitu, na mimi nikasema moyoni: chelewa, mjukuu wangu. Chelewa kidogo tu. Mwalimu awe anaeleza kitu kitamu leo, cha damu au cha mito, wewe usahau. Tutakaa na njaa. Vidonge vitangoja. Mzee akienda tena kukushtaki, nitampokonya fimbo barabarani mimi mwenyewe, na uzee wangu huu.

Nikamtazama kitindamimba wangu. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Sijui alikuwa anaomba kipi.

Ikalia.

Ilikuja safi, gonga, gonga, gonga, mkono mwembamba lakini una nguvu, wala haikutangulia wala haikuchelewa. Jua lilikuwa pale pale panapotakiwa.

Redio: Sawasawa kab...

Akalimeza lililobaki.

Kitinda alikuja na gauni la sherehe ili aisikie, akapiga makofi mara moja, akaona mikono yake iko peke yake, akaiweka mapajani. Machozi yakamtoka bila sauti. Nikamwona mkubwa wangu anaegemeza ufagio ukutani. Akavuka barabara. Tangu ile siku ya sahani hakuwahi kuvuka nikiwa na mdogo wake hapa. Akaja akakaa, si karibu sana, katikati yao nafasi ya mtu mmoja mnene.

Hawakutazamana. Mkubwa alitazama mikono yake, vumbi mpaka kwenye kiwiko.

Mkubwa: Wa kwangu alikuwa ananiambia habari ya saa hiyo. Nami nikimwambia, usijitetee.

Kitinda: Dada.

Mkubwa: Kuku mnachinja bado?

Kitinda: Watu nimeshawaita.

Mkubwa: Sufuria yako ndogo. Nitaleta ile kubwa. Na Kipepeo naye atakuja.

Kitinda: Akimwuliza Sindano kuhusu kengele?

Mkubwa: Wakae wenyewe wawili waambiane. Sisi tushasema ya kutosha.

Hayakuwa mapatano hayo, nisiwadanganye. Ninayajua mapatano, nimeyapika mengi, yana kilio na yana kushikana mikono. Hapa palikuwa na sufuria tu. Lakini nimeipokea. Umri wangu huu sufuria inanitosha.

Mihuri alitoa vidonge vyake, akavitia kinywani, akavimeza vikavu, ameinamisha uso kama mwizi. Pancha akafungua chakula chake, akala huku ametupa mgongo. Ningefanyaje na mimi? Birika la kwanza lilikuwa limekauka. Nikakung'uta kopo la kahawa, ikatoka ya kufunika kucha tu. Nikalirudisha.

Pancha alipomaliza kuliziba tairi la toroli, yule mgeni akasimama, akapandisha mtoto mgongoni, akafunga nguo yake vizuri. Alikuwa bado amegeuza uso upande wa shule.

Mgeni: Mama, hiyo ndiyo kengele yenyewe? Kila siku inalia saa hii?

Mimi: Kila siku.

Mgeni: Haipitilizi?

Mimi: Haipitilizi.

Mgeni: Afadhali. Sina saa, na huyu anatakiwa anyonye kwa wakati. Basi nami nitakuwa naisikiliza.

Akashika toroli lake. Mabinti zangu wote wawili walinitazama, waone nitamjibu nini.

Nikamwambia: "Sikiliza tu, mwanangu. Haikosei. Anagonga mjukuu wangu."